Sema Mashaallah, Kisha Useme Ulichokiona



Wapenzi wasomaji, leo tuna jambo ambalo wengi wetu tumeshaliona kwa macho yetu na hatukulisema. Umekwenda kumtazama mzazi, tuseme hapa hapa Kikwajuni. Umepanda ngazi za ghorofa, umevua viatu mlangoni, umepewa mtoto umpakate. Unamtazama usoni. Unaona mboni ya jicho moja, yaani kile kiduara cheusi kabisa cha katikati, ni kubwa kuliko ya jicho la pili. Unatazama tena. Ni kweli, hazilingani. Sasa unasemaje?

Kwa tunavyojuana, husemi kitu. Unasema "Mashaallah, kafanana na babake," unamrejesha mtoto kwa mamake, unamaliza chai yako na kipande cha mkate wa kumimina, unaaga. Mkishafika chini ndipo unamuuliza uliyefuatana naye: "Lile jicho umeliona?" Naye anakujibu: "Nimeliona, lakini nani aseme?"

Hapo kwenye "nani aseme" ndipo ninapotaka tukae leo.

Huku kwetu mtu anayetaja kasoro ya mtoto wa mwenzake anajitia mashakani. Mtoto akiumwa wiki ijayo, watu watatafuta jicho lililompiga, na la kwanza kutajwa litakuwa la yule aliyemtazama sana halafu akasema. Nani anataka kuitwa mwenye kijicho mtaa mzima? Basi ndani ya zile siku arobaini wanaingia wanawake chumbani mule mmoja baada ya mwingine, baadhi yao wanaliona, wote wananyamaza. Na mama mwenyewe ana nafasi ndogo ya kugundua, kwa sababu anamwona mwanawe kila saa, usingizi haumtoshi, na macho yake yameshaizoea sura ile. Mgeni ndiye anayeona, na mgeni ndiye tuliyemfunga mdomo.

Kijicho kipo, sisi Waislamu hatubishani juu ya hilo. Lakini hebu tukumbuke tulichofundishwa. Katika kisa maarufu cha Sahl bin Hunayf, aliyeanguka baada ya mwenzake Amir bin Rabia kuusifu mwili wake, Mtume (S.A.W.) alimlaumu Amir kwa kutomwombea mwenzake baraka. Lawama ilikuwa ni kuiacha dua. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba ukiona maradhi kwa mtoto wa mwenzako unyamaze ili usije ukasingiziwa. Sema Mashaallah, muombee baraka, halafu sema ulichokiona. Hivyo viwili havigombani.

Sasa niseme haraka, kabla hujanyanyua simu kumpigia wifi yako: mara nyingi mboni kutolingana si ugonjwa. Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano ana tofauti ndogo ya mboni, isiyofika milimita moja, na wengi wanazeeka nayo bila ya kujua. Tofauti ya namna hiyo huwa ni ile ile kwenye mwangaza na kwenye kiza. Mboni zote mbili hujikunja vizuri mwanga ukizipiga, kope ziko sawasawa, mtoto ananyonya, analala na kuamka, na akishakuwa mkubwa kidogo anaufuata uso wa mamake kwa macho. Pengine leo unaiona, kesho huioni. Mtoto huyu hana tatizo wala hana dawa anayohitaji.

Lakini nani wa kuamua kwamba mtoto wako ni wa kundi hili? Si mimi, si jirani, si bibi aliyelea watoto tisa na wajukuu ishirini, kwa heshima zote za bibi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye tochi na mafunzo. Na anaweza kuifanya kwa dakika chache tu.

Nitaeleza kidogo jinsi mboni inavyofanya kazi, maana nimegundua kwamba mtu akielewa hili, khofu ya bure inapungua na khofu ya maana inabaki. Mboni yenyewe ni tundu, mlango wa mwanga kuingia ndani ya jicho. Kuna msuli wa kulifunga na msuli wa kulifungua, na kila mmoja unapata amri yake kupitia mshipa wake wa fahamu. Mshipa wa kufunga unatoka kwenye ubongo na kwenda jichoni moja kwa moja, na huo huo ndio unaonyanyua kope na kuzungusha sehemu kubwa ya jicho. Mshipa wa kufungua ni wa safari. Unashuka kutoka kwenye ubongo, unafuata uti wa mgongo mpaka kifuani, unapinda juu ya pafu, unapanda tena shingoni ndipo unafika jichoni. Kama mtu wa Kikwajuni anayekwenda Darajani kwa kupitia Mwanakwerekwe.

Ndiyo maana daktari akiona mboni moja ni ndogo kuliko kawaida, na kope la upande ule limelegea kidogo, hatazami jicho peke yake. Atapapasa shingo, atasikiliza kifua, ataminya tumbo, atakuuliza mtoto alizaliwa vipi. Hali hii imepewa jina la Horner, daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1869. Kwa watoto wachanga inaweza kuwa imetokana na uzazi mgumu, mtoto alikwama bega akavutwa na mshipa ukaumia, na mara nyingine mkono wa upande ule ule nao unakuwa dhaifu. Pengine sababu haionekani kabisa. Lakini mara chache inakuwa ni uvimbe uliojificha shingoni, kifuani au tumboni, na jicho ndilo lililotangulia kutoa khabari. Alama nyingine ni jasho: mtoto akishikwa na joto, upande mmoja wa paji la uso unalowa na wa pili unabaki mkavu. Mama anayemfuta mwanawe jasho kila siku ndiye atakayeliona hilo, daktari hatalijua asipoambiwa.

Mboni ikiwa kubwa kupita kiasi nayo ina maneno yake. Ikiwa kubwa, na kope limeanguka, na jicho limepindukia nje, basi ule mshipa wa kufunga una matatizo na mtoto aonwe siku hiyo hiyo. Ikiwa kubwa peke yake na mtoto mzima, inawezekana kuna kitu kimeingia jichoni. Dawa za matone za mtu mwingine zilizoachwa kabatini. Moshi wa dawa ya pumu kutoka kwenye mashine ya kupumulia, barakoa ikiwa imekaa vibaya. Au mnanaha, ule mmea wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba, ambao wazee walikuwa wakiutumia kwa pumu. Utomvu wake ukikushika mkononi kisha ukalishika jicho la mtoto, mboni inatanuka na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukifika hospitali usifiche. Kama kuna dawa ya majani, ya matone au ya kufukiza iliyopita karibu na mtoto, itaje. Daktari atakayekugombeza kwa hilo mvumilie tu, la muhimu ajue.

Kidogo kuhusu kutazama kwenyewe. Macho yetu ni meusi, na kwa mtoto wetu mboni inaweza kupotea ndani ya weusi ule usijue inaanzia wapi. Mtazame mchana karibu na dirisha, kisha mtazame tena chumba kikiwa na kiza hafifu. Umeme ukikatika, ambao haukosi kukatika, washa tochi ya simu na uielekeze ukutani au pembeni ya uso wake, usimmulike machoni. Angalia kama tofauti inazidi kwenye mwangaza au inazidi kwenye kiza, maana daktari atalitaka jibu hilo: ikizidi kwenye mwangaza, mara nyingi ile kubwa ndiyo yenye tatizo, ikizidi kwenye kiza, ni ile ndogo. Usijitangazie hukumu, pokea tu khabari uipeleke.

Na kabla ya yote hayo, mfute wanja.

Najua nikigusa wanja nitapata ujumbe mpaka usiku. Lakini wanja mzito unabadilisha umbo la jicho, unaficha kope lililolegea na jicho linalotoa machozi, na wakati mwingine mama anachora upande mmoja zaidi ili macho "yalingane," yaani anaifunika kwa mkono wake dalili ile ile. Halafu kuna ule wanja wa manga wa kusaga. Wanja za namna hiyo zimepimwa katika nchi nyingi zikakutwa na madini ya risasi, tena mengi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua. Kwa hilo sina suluhu ya kati na kati: machoni mwa kitoto kichanga usitie kitu. Wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala asali. Alama ya kuzuia husda, kama roho yako haitulii bila yake, haina lazima ya kukaa ndani ya jicho.

Sasa tuje kwenye zile hali ambazo hazingoji asubuhi. Mtoto ameanguka kitandani, au amemponyoka dada yake, au amegongwa kichwani, kisha mboni moja ikawa kubwa. Au hakuanguka popote mnapojua, lakini mboni imebadilika ghafla na mtoto anatapika, amelegea, hanyonyi, analala usingizi ambao hata ukimvua nguo na kumgusa nyayo haamki vizuri. Au ameshikwa na dege. Au ana homa. Au utosi umetuna wakati ametulia na umemshika wima. Au analia kilio chembamba ambacho si chake. Hapo ndani ya kichwa kunaweza kuwa na damu inayojikusanya, au maji, au maambukizi, na ile mboni ni mshipa unaobanwa. Watu watakwambia, "Si alilia akanyamaza? Basi hajaumia." Damu ya ndani inaweza kuchukua masaa kabla haijaonesha makali yake, na kunyamaza kwa mtoto si kipimo. Tena mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ni wa hospitali hata kama mboni zake zimelingana kama lulu mbili.

Nguo, kadi ya kliniki, na kuondoka. Si mafuta ya utosini, si kusubiri mtu wa kumkanda.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo si wote wanaolijua. Miaka ya nyuma mtoto wa Unguja au wa Pemba aliyejaa maji kichwani, au aliyevuja damu ndani ya ubongo, hakuwa na daktari wa upasuaji wa ubongo hapa visiwani. Ilikuwa ni kuvuka bahari, kwa wenye uwezo na kwa waliojaaliwa kufika. Mwaka 2014 ikafunguliwa ndani ya Mnazi Mmoja taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa juhudi za daktari Mhispania José Piquer na wakfu wake. Hospitali ile ile ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la V. I. Lenin. Yaani kile ambacho kilikuwa ndicho kisingizio kikubwa, kwamba "hata tukienda watafanya nini," leo kimeondoka, na sisi tunaokaa Kikwajuni hatuna hata safari ya kusema.

Kuna mboni nyingine ambayo haitishi watu na ingepaswa kuwatisha zaidi: mboni inayong'aa nyeupe. Mtoto amepigwa picha kwa simu, taa ya simu ikamulika, jicho moja likatoka jekundu au jeusi kama kawaida, la pili likatoka jeupe kama la paka usiku. Watu wanacheka, wanasema simu mbovu. Mara nyingi kweli ni pembe ya picha tu. Lakini likijirudia katika picha ya pili na ya tatu, mtoto asikae wiki bila kuonwa. Inaweza kuwa ni mtoto wa jicho, ambaye kitoto kichanga anaweza kuzaliwa naye, na upasuaji wake unataka kuwahi ili jicho lijifunze kuona. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho ya watoto. Ni nadra, mtoto mmoja katika kila watoto 16,000 mpaka 18,000 wanaozaliwa, lakini inawapata wakiwa wadogo, wengi kabla ya kutimiza miaka mitano, na ikiwahiwa inatibika. Kwa upande wetu wa Tanzania matibabu yake yapo Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Ikicheleweshwa inatoka jichoni inakwenda kwenye ubongo.

Kuna baba mmoja Marekani, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor anayeitwa Bryan Shaw, ambaye mwanawe alikutwa na saratani hii akiwa na miezi minne. Alirudi kwenye picha zote za familia akazipitia moja moja, akakuta ule weupe ulikuwepo tangu mtoto ana siku 12. Akashirikiana na wenzake kutengeneza programu ya simu inayotafuta mboni nyeupe kwenye picha, na utafiti waliouchapisha mwaka 2019 ulionesha kwamba kati ya watoto 20 wenye maradhi ya macho, kwa watoto 16 programu iliuona weupe kabla ya daktari, kwa wastani wa mwaka mmoja na miezi kama minne mapema zaidi. Sikwambii kila mtu akaitie simuni. Nakwambia kwamba ushahidi ulikuwa umekaa kwenye simu ya familia muda wote huo. Sisi tunaopiga picha za aqiqa mpaka simu inajaa, tuna ushahidi mwingi kuliko tunavyojua. Picha hizo pia ndizo zitakazomjibu daktari swali lake la kwanza, kama mboni hazilingani tangu kuzaliwa au zimeanza juzi.

Na kwa wenye watoto wakubwa kidogo, jiwe la manati au mpira wa uchochoroni ukimpiga mtoto jichoni mboni inaweza kutanuka na isirudi tena. Mwimbaji Mwingereza David Bowie alipigwa ngumi ya jicho na rafiki yake mwaka 1962, akiwa na miaka 15, kwa ugomvi wa msichana, na mboni yake moja ilibaki kubwa maisha yake yote. Dunia nzima ikadhani ana macho ya rangi mbili.

Turudi nyumbani. Kutoka Kikwajuni mpaka Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, na kama jua kali, bajaji. Safari ndefu iko ndani ya nyumba. Mama kaona. Kamwambia mamake, mamake kasema asubiri bibi anayemkanda, yeye ndiye anayejua watoto. Bibi kaja, kasema amelala sana upande mmoja, mgeuzeni. Wakamgeuza siku tatu. Mkwe kasema basi asomewe kwanza, akafungwa mvuje mkononi. Kisha ikasemwa lazima babake ajue, na babake yuko Muscat, anatoka kazini usiku, akajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Mtazameni mpaka Ijumaa." Ijumaa ikafika, ikasemwa mzazi hajatimiza arobaini, atatokaje na mtoto upepo huu?

Hakuna hata mmoja katika hawa asiyempenda mtoto yule. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema, kwa sababu kila kizuizi kimefungwa kwa mapenzi. Lakini tulichambue. Arobaini ni mapumziko ya mama, na mapumziko ni kitu kizuri sana, natamani sote tungeyapata kamili. Hukumu za nifasi zinahusu sala na saumu na mambo ya mume na mke. Hazikuufunga mlango wa daktari. Mbona mtoto yule yule anapelekwa chanjo na hakuna anayetaja upepo? Na bibi anayekanda ana elimu yake, viungo anavijua, mchafuko wa tumbo anaujua, mimi mwenyewe mikono ile naiheshimu. Jicho si fani yake. Akiambiwa hivyo kwa adabu, mara nyingi mwenyewe anakubali kuliko wale wanaomsemea.

Baba aliyeko mbali ni mtihani wa aina yake. Anataka kuulizwa, na ni haki yake kujua. Lakini kujua na kuruhusu ni mambo mawili, na nyumba nyingi hazijawahi kukaa zikayatenganisha. Naomba kila msomaji wangu mwenye mimba alizungumze hili na mumewe sasa, wakati hakuna mgonjwa na hakuna anayelia: mtoto akiwa na dalili kadhaa na kadhaa, natoka, nakupigia nikiwa njiani. Aseme ndiyo mapema. Mwanamme mwenye akili zake hatokataa, na akikataa bora umjue mapema.

Na kusomewa, jamani, nani kasema kunagombana na hospitali? Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Fatiha haihitaji chumba maalumu. Isome ndani ya bajaji, umeweka kiganja juu ya kichwa chake. Isome kwenye benchi la kusubiria, utakuwa na muda wa kutosha, hilo nakuahidi.

Kwa wale wenye kweli hawawezi kutoka leo, na mtoto mzima, hana dalili hata moja ya zile nilizozitaja, kuna mhudumu wa Jamii ni Afya anayepita nyumba kwa nyumba. Tangu 2021 mpango huo umefika wilaya zote za Unguja na Pemba. Akija kuuliza kuhusu kunyonyesha, muoneshe na macho. Na pale kliniki kwenye chanjo, usiishie kupima uzito ukaondoka. Mwambie nesi.

Nirudi kwa mgeni wetu aliyeona. Usiseme mbele ya watu kumi, hiyo ni fedheha hata kama nia ni safi. Usimpige picha mtoto wa watu ukaitupa kwenye kundi ukauliza "jamani hii nini?", hilo ni baya kuliko kunyamaza. Ngoja mpungue, msogelee mama au mamake, sema kwa sauti ya kawaida: "Mashaallah, Allah amkuze katika kheri. Hebu na wewe mtazame pale karibu na dirisha. Mimi naona mboni zake zimepishana kidogo. Wengi wanazo hivyo na hawana neno, lakini muonesheni daktari." Basi. Usiongeze kisa cha mtoto wa jirani yako wa Mpendae aliyekufa.

Na wewe mzazi, ukiambiwa, usikae usiku kucha ukiwahesabu wageni kutafuta nani kafanya nini. Aliyesema angetaka ubaya angenyamaza, kunyamaza ni rahisi zaidi. Mwambie ahsante, mfute mtoto wanja, mpeleke dirishani.

Ukifika mapokezi usiseme "mtoto ana jicho," utapelekwa foleni ya macho mekundu. Sema hivi: "Mboni za mtoto hazilingani. Tumeziona tangu siku fulani. Hajaanguka," au "ameanguka saa fulani." Kama ameanguka au amelegea, sema hilo kwanza kabla ya neno lolote, na kwa sauti. Uwe na kadi ya kliniki, picha za tangu kuzaliwa ziko tayari kwenye simu, na chaji. Kila chupa ya dawa aliyotumia mtoto au unayotumia wewe unayenyonyesha, itie mkobani. Na kabla hujatoka kwa daktari, muulize arudi lini na kwa dalili gani arudi mapema zaidi, muombe akuandikie kwenye kadi, kwa sababu ukifika nyumbani wote watakuuliza kasemaje na utakuwa umechoka.

Wassalaamu alaykum.